Mbao za Mkongo za Fakhruddin

Kiharusi kilimwangusha Mustafa akiwa kazini, mbele ya msumeno wake wa mkanda katika karakana yake mtaa wa Ufukoni, ubao wa mninga ukiwa umepasuliwa nusu. Zulfa, mkewe, ndiye aliyekimbilia swichi. Mustafa aliporudi kutoka hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umepinda, na maneno yalimtoka kwa taabu, moja moja, kama mtu anayetafuna kitu kigumu.

Karakana ikafungwa. Zulfa akawa anakaanga mihogo barazani na kuuza, lakini akili yake ilirudi kila mara kwenye ile mashine iliyofunikwa turubai. Miaka yote ya ndoa alikuwa akisimama nyuma yake, akipokea mbao zinavyotoka. Kupokea alikujua vizuri. Kusukuma hakuwahi.

"Baba Safina," alimwambia mumewe siku moja, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Masasi, "nataka kufungua karakana."

Mustafa alimtazama sana. "Fungua."

Basi wakaanza. Kila asubuhi Zulfa na wifi yake Saumu, dada wa Mustafa, walimshika mgonjwa huku na huku wakampeleka, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Zulfa akisukuma, Saumu akipokea. Walipasua miembe na paini, mbao laini zisizo na kiburi. Mustafa hakusema neno. Zulfa alidhani anapumzika.

Ndipo akaja Fakhruddin kutoka Mikindani. Duka la wazazi wake lilikuwa limeuzwa baada ya mama yake, Shirinbai, kufariki, naye aliweza kuokoa mbao mbili tu za kaunta: za mti wa mkongo, pana, nene, nyeusi kwa miaka ya viganja vya watu. Alitaka kila ubao upasuliwe katikati ya unene wake, utoe mbao mbili nyembamba, zipate kuwa milango ya kabati la kuwekea vyombo vya mama.

"Wateja wakipungua adhuhuri, mama alikuwa analalia mikono hapa," alisema, akiupapasa mmoja. "Utaweza, Mama Safina?"

Zulfa alimgeukia mumewe. Mustafa alikuwa anatazama barabarani.

"Nitaweza."

Mkongo si mwembe. Nyuzi zake hupishana, hizi zikienda huku na zile kule, na msumeno ukiingia huvutwa pande zote. Zulfa aliupiga ubao wa kwanza randa ubavuni ukanyooka, akachora mstari, akausimamisha. Akamwonyesha Mustafa bledi iliyokuwa kwenye mashine, ule utepe wa chuma wenye meno. "Hii inafaa?"

Mustafa hakujibu. Zulfa akaona labda maneno yamemgomea.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kisha sauti ya mashine ikawa nzito, pakanuka moshi. Zulfa akaogopa, na kwa kuogopa akasukuma kwa nguvu zaidi. Humo ndani ya mti, mahali macho hayafiki, bledi ilipinda ikabenuka kama tumbo.

"Wifi," Saumu aliita kutoka upande wa pili. "Njoo uone."

Kipande kimoja kilikuwa kinene kama gogo. Kingine kilikuwa chembamba hata kikatoboka katikati.

Fakhruddin alipokuja hakugomba. Aliviokota vile vipande, akajaribu kuvikutanisha, vikakataa. "Umebaki mmoja, mama," alisema. "Kama utakushinda, useme mapema." Akaondoka bila kuaga.

Zulfa alikuwa anafagia vumbi Mustafa alipofungua kinywa.

"Meno... madogo. Mengi. Vumbi... halina pa kukaa." Akavuta pumzi. "Nilijua."

Ufagio ukasimama. "Ulijua? Mbona hukusema?"

Mkono wake mzima uliufinya ule uliolala.

"Ningesema... ungeweza."

Saumu alijifunika kanga usoni akatoka nje. Zulfa alimaliza kufagia. Nyumbani alimwogesha mumewe kama kawaida, akambadilisha kikoi, akamlisha uji kwa kijiko. Alikuwa na hasira, na aliionea haya hasira yenyewe, kwa sababu aliyemkasirikia alikuwa anafungua kinywa apewe chakula.

Siku zilizofuata aliuacha ubao wa pili ukutani. Katika bledi zilizotundikwa alitafuta yenye meno makubwa, machache, yaliyoachana, akaifuta utomvu kwa mafuta ya taa, akaikaza hata ikawa haichezi. Akachukua vipande vya ule ulioharibika, akachora mstari, akavisukuma kwa mkono mtupu bila cha kuegemea, apate kuiona tabia ya bledi. Ilikuwa inavuta kidogo kushoto. Hakushindana nayo. Ubao wa kuegemezea aliufunga kwa mshazari uleule wa kushoto, kisha akaishusha mikono ya chuma inayoishika bledi, ikakaribia kugusa mti. Mustafa aliona yote haya kutoka kitini. Safari hii Zulfa hakumwuliza.

Siku ya kupasua aliomba umeme usikatike. Alisukuma polepole, sikio likiwa kwenye sauti. Ikianza kuwa nzito alilegeza mkono bila kusimama, ikitulia alisogea tena. Ubao ule mpana ulichukua muda mrefu kiasi kwamba mabega yalimwuma kama ya mtu aliyelima.

Zikatoka mbili, unene mmoja, uso safi. Michirizi ya ubao huu ilielekeana na ya ule.

Saumu akapiga kigelegele. Kisha akamwona kaka yake, akakimeza. Mustafa alikuwa analia, upande mmoja wa uso ukilia na mwingine umetulia kama hauna habari.

Zulfa alichutama mbele yake. "Baba Safina, kazi hii ni yako. Mimi nimeipokea kwako."

"Hapana," alisema Mustafa. Neno hilo lilitoka safi kuliko yote aliyosema tangu augue.

Zulfa alizipanga mbao, akatia vijiti katikati zipumue zisije zikapinda, na zilipotulia Fakhruddin alikuja kuzichukua. Alizigusa, akaitika kwa kichwa. Kabati litakuwa dogo, alisema, lakini litakuwapo.

Asubuhi iliyofuata walipotaka kumwinua Mustafa, alishika nguzo ya kitanda kwa mkono mzima, hakuiachia. Wakaenda wenyewe. Jioni Zulfa alimsimulia mti aliopasua na jinsi ulivyokwenda. Siku za mwanzo Mustafa alisikiliza. Baadaye akawa anageukia ukuta kabla mkewe hajamaliza, na Zulfa akaacha kusimulia.

Siku hizi watu wanamletea Zulfa miti migumu hata kutoka kijiji cha Ziwani. Binti yao alipokuja kuwatembelea, alipiga magoti kando ya kitanda akamwuliza baba yake kama angependa apelekwe karakana, akamwone mama anavyofanya kazi. Mustafa alifumba macho. Walidhani amelala, wakatoka kwa kunyata.