Ng'ombe Aliyetafuna Shati

Majirani walimwita Mama Kioo, kwa kuwa banda lake la ng'ombe lilikuwa safi kuliko sebule za wengi wao. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, Tausi, aliyemlea kwa chupa tangu ndama. Ukitaka ugomvi na mama huyu, mguse Tausi.

Sasa Tausi akaanza vituko. Majani mabichi anayatazama hivi hivi, pumba anazinusa na kugeuza shingo, lakini shati la baba lililoanikwa uani alilitafuna mpaka kola! Alilamba ukuta, akalamba mpini wa jembe, akalamba hata mkono wa mama wenye jasho. Maziwa yakapungua, mbavu zikahesabika.

"Shemeji, huyo kachanganyikiwa," alisema mdogo wa mumewe. "Kesho asubuhi naja na mchinjaji, kabla hajabaki ngozi." Mume akaitikia kwa kichwa.

Kulipokucha tu alimpigia simu daktari wa mifugo. Mzee yule alifika na pikipiki yake, wala mfuko wa sindano hakuufungua. Alimtazama Tausi akilamba ule mkono wa mama, akauliza, "Mama, jiwe la chumvi liko wapi?"

"Lile la kulamba? Lilijaa mate na nzi, kinyaa kitupu! Nililitupa miezi minne iliyopita."

"Lo, mama wewe! Anayekamuliwa kila siku, chumvi inamtoka na maziwa. Ikimpungukia mwilini, hamu yake inageuka. Chakula hakitaki, anatafuta chumvi popote, hata kwenye jasho la shati. Kichaa gani hapo!"

Mama Kioo hakungoja amalize. Alikimbia jikoni, kandambili moja ikabaki njiani, akarudi na mabeseni mawili. Moja lilikuwa na pumba zilizochanganywa na molasi, asali nyeusi ya miwa ambayo Tausi aliipenda siku zote. La pili lilikuwa na pumba na konzi ya chumvi, basi. Akayaweka chini mbele ya Tausi.

Tausi akanusa molasi. Akaipita! Akazamisha pua kwenye chumvi, akala, akala tena, akalamba beseni mpaka likawa linatembea sakafuni.

"Baba watoto! Njoo uone, anakula pumba! Anakula!" Mama Kioo alipiga vigelegele peke yake, huku daktari akicheka na kumwonya asizidishe, na maji yasikosekane.

Mara geti likagongwa. Shemeji huyo, na mchinjaji nyuma yake, kamba mkononi.

"Yuko wapi mgonjwa?" shemeji akauliza.

Mama Kioo hakuwahi kukiri kosa tangu aolewe, mumewe shahidi. Alijibana mlangoni pa banda, machozi na kicheko vikimtoka kwa pamoja.

"Ng'ombe hana kosa. Mimi ndiye niliyemnyima chumvi kwa usafi wangu huu. Kama mmekuja kufunga mtu kamba, haya, nifungeni mimi!"