Bibi wa Kijapani na Ufagio Wake

Jirani yetu wa hapa mtaani Ghubra karudi tena kutoka Japani, na sote tushaijua adhabu yetu: picha. Laiti zingekuwa za milima! Ni za viatu vilivyopangwa mlangoni, miavuli inayochuruzika maji kituoni, mzee anayechagua samaki. Anazikuza kwa kidole kinachonata halwa mpaka uone uzi wa kiatu, na sauti inamshuka kama yuko msikitini. Sisi tunatikisa vikombe vya kahawa, maana yake tumetosheka, tupe ruhusa twende zetu. Yeye husema, "Subirini, hii bado." Kila mwaka, hii bado.

Ijumaa alituonyesha bibi wa Kijapani akifagia mbele ya nyumba yake. Aliisifu picha ile hata nikatamani kumpokonya simu: tazameni mgongo, tazameni mikono ilivyoushika ufagio, haya ndiyo maisha! Mama yake, Bi Masouda, alikuwa akitumiminia kahawa. "Mie nnafagia ua kila siku, mwanangu," akasema. "Ushapata kunipiga picha?"

Kwa mara ya kwanza simu ikazimwa mapema. Asubuhi yake nikamwona uani, simu mkononi, na mama yake mbele yake kavaa nguo za Idi na bangili zote, kakaa wima kitini kama anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria.

"Mama, shika ufagio! Fagia kama siku zote!"

"Nishike ufagio kwenye picha," akajibu Bi Masouda, "watu waseme sina mtoto?"