Mbuzi Ambaye Hakuwepo

Tangu vita, Papa Zuberi haamini salamu isiyo na uso. Miaka ile alikuwa mpiga fonia, ile redio iliyowaunganisha watu wa Kindu na ndugu zao wakati treni haiji na barabara zimefungwa. Wenye bunduki nao waliitumia. Walijifanya kaka au shangazi wa mtu, wakamwita aje mji wa Kailo, na aliyekwenda hakurudi. Zuberi akajifunza kuuliza juu ya kitu ambacho hakikuwepo. Mwongo hujibu, ndugu wa kweli hubisha.

Leo anatunza seva ya barua pepe kwenye ofisi ya wakala wa boti, bandarini. Kichujio cha barua taka amekikaza hasa: barua ya mgeni yenye maneno "ndugu yako" haipiti.

Asubuhi moja Scholastique, muuza tiketi, alisimama mlangoni pake.

"Papa Zuberi, kuna mama ameshuka na treni. Anasema kaka yangu Blanchard iko Ndola, kule Zambia, ameniandikia hapa kazini, mimi sijibu."

"Huyo mama unamujua?"

"Hapana."

"Haya."

"Haya nini? Blanchard alikimbia vita kwa njia ya Lubutu, tukamulilia matanga. Angalia kwanza, kisha utamushuku."

Zuberi akafungua barua zilizozuiwa. Mbili zilikuwa na jina la Blanchard. Scholastique akanyoosha mkono, Zuberi akaziba kioo cha kompyuta kwa kiganja.

"Jina kila muntu anaweza kuandika, mama. Tumuulize."

Wakatuma swali: mbuzi wetu mweupe alikufa lini? Kwa kina Scholastique hapakuwahi kufugwa mbuzi. Zuberi akaiweka anwani ile kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, wakangoja. Wiki ikaisha kimya.

"Umeona? Amekimbia swali."

"Na kichujio chako, papa, kimemupitisha?"

Zuberi alitaka kucheka, lakini neno lile likamkaa moyoni. Akairuhusu anwani ya barua pepe ya simu yake mwenyewe, akajitumia barua yenye maneno "ndugu yako". Haikufika. Akaisoma kumbukumbu ya seva mstari kwa mstari hadi akaona: sheria yake ya maneno ilikuwa inasomwa kabla ya orodha ya ruhusa. Mgeni alifukuzwa kabla mtu hajauliza kama amealikwa. Akaipandisha orodha juu, akawasha huduma upya, akajaribu tena. Ikaingia. Ndipo akalitafuta jibu la Blanchard kwenye zilizozuiwa, akaliachia.

"Mbuzi gani? Baba alichukia hata harufu yake. Wewe unayejifanya dada yangu ni nani? Kama njo wewe kweli, sema mama alificha wapi chumvi wakati wa vita. Ndugu yako, Blanchard."

Scholastique akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Chumvi gani? Tulikula majani ya sombe bila chumvi mwaka muzima. Njo yeye, kaka yangu."

Zuberi alikuwa bado amekunja uso. "Huu ujanja ni wangu. Nani alimufundisha?"

"Vita ilikupiga wewe peke yako? Sogea, papa, niandike."

Akasogea.