Mikwaju ya Ukingo wa Mkondoa

Ule ulikuwa mwaka wa makopa. Mahindi yaliungua shambani kabla hayajabeba, na serikali ya Waingereza ikatuletea mihogo mikavu kwa treni, magunia yaliyojaa vumbi na wadudu. Tulitwanga, tukachekecha, tukasonga ugali mweusi unaovutika kama ulimbo. Kitoweo kilikuwa kambale wa mto Mkondoa, basi. Mtu wa Kilosa akikwambia alizaliwa mwaka wa makopa, jua mama yake aliponea kambale. Mwanangu wa kwanza ni mmoja wao.

Tulikaa kambi ya mkonge, safu ya vibanda vya udongo ukingoni mwa mto. Baba alikuwa ameshakufa. Yeye na mama walitoka Rufiji, kule mto unakoingia baharini; baba alikuja kukata mkonge, wakabaki. Mimi nilizaliwa hapahapa kambini na mikoko sijaiona kwa macho yangu mpaka leo. Lakini naijua, maana mama aliisema kila siku kama mtu anayesema habari za ndugu zake waliokufa.

Kwao, alisema, walikuja wanunuzi wa boriti na magome, na kijiji kikakata mikoko ya upande wao yote. Kwanza kamba wadogo walikosa pa kujificha, nyavu zikatoka tupu. Kisha maji ya chumvi yakaingia kwenye mpunga. Kisha nchi yenyewe ikaanza kuondoka, leo kipande, kesho kipande, mpaka maji yakafika makaburini. Mama aliona sanda ya bibi yake ikielea.

Ndiyo maana alipofika Kilosa hakuangalia nyumba, aliangalia mto. Aliona mikwaju na mikuyu imesimama ukingoni, mizizi imening'inia majini, na vifaranga vya samaki vimejaa chini yake. Akamwambia baba hapa tunaweza kulala. Mimi alinifundisha kutega mgono, lile dema letu la fito, palepale kwenye mizizi, na kambale mwenye mayai nimrudishe majini hata kama nyumbani tunalia njaa. Nilimrudisha. Nililia na nikamrudisha.

Sasa, mashine ya kusaga mkonge ilikuwa inakula kuni kutwa, na kuni tulikata sisi wanawake. Kila mmoja na lundo lake. Usipolimaliza, siku yako haihesabiwi na posho hupati. Kuni zilikuwa porini, upande wa kwenda Mikumi, na porini kulikuwa na simba. Mwezi huo simba alimchukua mwenzetu mmoja mchana kweupe. Tulisikia panga likianguka juu ya jiwe, halafu kimya. Kanga yake tuliikuta imekunjwa vizuri juu ya tawi, pale alipoiweka isichafuke.

Baada ya hapo tulikuwa tunatetemeka tukisikia hata kanga, ndege wa porini, wakiruka. Basi mnyapara alipotuambia kwamba meneja amekubali tukate miti ya mtoni, wanawake walipiga vigelegele. Mikwaju ina moto mkali, iko karibu, nani atataka simba? Mimi niliitazama ile mizizi majini. Nilikuwa na mimba changa. Niliona sanda.

Mnyapara akanionyesha mkwaju ulio nyuma ya nyumba yetu, akasema nianze na ule. Nikashika panga, nikalishusha chini. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto:

"Mti wa mtoni sikati. Nipeleke kwa simba."

Wenzangu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja, tuliyepakana naye ukuta, akasema, "Shoga, simba akikumaliza wewe, kesho atakuja kututafuta sisi." Mnyapara yeye hakucheka. Aliniambia huku si kwenu kwenye mikoko, binti Mrufiji, na kama nataka simba niende, lundo ni lilelile.

Nikaenda. Mama alinifuata na debe bovu, akikohoa, akilipiga kwa kijiti njia nzima. Mimi nakata, yeye anapiga. Mchana jua likiwa kichwani, debe likanyamaza. Nikajua. Nyasi zilikuwa zinafunguka upande mmoja, taratibu, na upepo haukuwepo. Nilisikia pumzi, nzito, kama mtu aliyelala. Mama akasema bila kuinua sauti, "Usigeuke, mwanangu. Kata." Nikakata huku mkojo unanishuka miguuni. Nasema wazi, sioni haya. Asiyewahi kuisikia pumzi ile na anicheke. Mama akaanza tena kupiga debe. Pumzi ikaenda zake. Kwa nini, sijui mpaka leo. Na kesho yake tulirudi palepale, na kesho kutwa, miezi yote mimba ikikua.

Masika ilianza huko juu, Kidete, kabla ya kwetu. Mto ukaja mwekundu, umebeba magogo na kuku. Pale wenzangu walipokata mikwaju, ukingo ulianza kumeguka. Sauti yake ni mbaya kuliko ya simba: udongo unaguna, kisha unadondoka. Jiko la yule jirani wa ukuta wangu liliondoka na sufuria ikiwa mafigani. Kwetu, ambako hapakukatwa, mikwaju ilitingishika, maji yakaingia mpaka kizingitini, nami nikakaa nimeshika nguzo nikisubiri nyumba iende. Haikuenda.

Maji yalipopungua, migono ya upande uliokatwa haikupata kitu. Wenzangu wakaja kutega kwangu, kwenye mizizi, bila kunitazama usoni. Niliwaambia tu kuhusu wenye mayai.

Mnyapara naye akaja. Mashine imesimama, kuni hakuna, na simba wamezidi; juzi wamekula mtu wa reli. Kwa hiyo tumalizie iliyobaki. Alisema hivyo akiitazama mikwaju ya nyuma ya nyumba yetu. Wanawake wote wakageuka kunitazama mimi. Mama alikuwa kitandani siku hizo, hawezi hata kuinua debe. Mtoto, niliyemzaa baada ya mafuriko, alikuwa mgongoni, amelala, joto lake limenishika uti wa mgongo.

Mara ya kwanza nilikuwa sijaisikia ile pumzi. Sasa nilikuwa naijua. Nikakaza kanga ya mtoto, na mnyapara akaniona.

"Sasa una mtoto," akasema. "Haya, sema tena nikusikie."

Nikasema.

"Mti wa mtoni sikati. Nipeleke kwa simba."