Gathoni Hakuuawa na Game Yake

Bado sijakubali. Leo asubuhi nimeona kitu cha kuchekesha nikataka kumtumia, kidole kikafika kwa jina lake ndio nikakumbuka tumemzika.

Kwa wale hamkumjua: Gathoni alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa watoto Makongeni. Alikuwa technician kwa kiwanda hapa Thika, amepanga nyumba Ruiru.

Nimekasirika, na sitajifanya.

Mnakumbuka zile game za TV za katriji ya njano, unapuliza vumbi ndio iwake? Gathoni alikuwa anazifufua. Alikuwa na board ndogo, saizi ya kitambulisho, yenye chip inaitwa FPGA. Hiyo chip unaipanga upya ndani, leo iwe mashine moja, kesho iwe ingine kabisa.

"Wangeci, hii si kuigiza," alikuwa ananiambia. "Naijenga tena waya kwa waya. Ni vile tu waya hazionekani."

Siku iliwaka mara ya kwanza nilipiga nduru mpaka jirani akabisha. Yeye akakunja uso. "Sauti iko chini kidogo."

Mimi sikusikia tofauti yoyote! Lakini alienda kwa mama yake akatoa ile game yetu ya zamani, akaifungua, akawa anaipima kazini lunch break. Supervisor alikuja kumgombeza, akavuta kiti akaanza kuuliza maswali.

Jumapili baada ya kanisa tukaleta hiyo board kwa mama yake. Wanaume wazima wenye ndevu wakisukumana kwa kochi: "Ulikufa! Leta pad! Zamu yangu!" Aki tulicheka.

Sasa sikieni hii.

Shower ya stima ya nyumba yake ilikuwa inapiga shoti. Nilikuwepo akimwambia caretaker, "Hii plot haina earth, ile waya ya kupeleka shoti ardhini. Nimepima mwenyewe. Itaua mtu."

Jamaa akacheka. "Vaa slippers, madam."

Akampigia landlord. "Nitatuma fundi." Akapiga tena. "Si nilisema nitatuma?"

Gathoni akazima hiyo shower, akaanza kuoga na karai. Hakuwa anaitumia hata! Lakini mabomba ya plot nzima ni ya chuma. Jirani wa juu aliwasha yake, stima ikapita kwa mabomba, na Gathoni akashika mfereji kujaza karai.

Fundi aliyekuja na polisi alipima ule mfereji tukiwa tumesimama hapo. Jirani akawasha shower, kipimo kikaonyesha stima iko kwa bomba.

Halafu huyo landlord akakuja kwa prayers Makongeni. Na suti. Akapewa mic, akasema, "Vijana wetu waache kucheza na mawaya ya stima kwa nyumba. Huyu msichana alikuwa na mitambo mingi sana."

Na watu wakatingisha kichwa! Watu wazima! Nilisimama nikasema ni uongo, mzee mmoja akanivuta nikae, ati tuheshimu msiba.

Msiba gani wa kuheshimu uongo?

Baadaye nikampata mama yake jikoni, amesimama tu na sufuria tupu. "Wangeci, niambie ukweli. Ni hiyo mchezo ilimuua mtoto wangu? Na mimi nilikuwa nawapikia chai mkicheza?"

Hapo ndio niliumia kuliko kaburini.

Nilikuwa na board kwa mkoba. Nikaichomeka kwa charger ya simu, taa yake ndogo ikawaka. "Mama, lete mkono." Aliogopa. Nikaishika mimi kwanza, halafu nikamwekea kwa kiganja, ikiwa imewaka hivyo.

Aliishikilia kitambo. "Haina kitu," akasema. "Haina hata joto."

"Haina, Mama."

Akalia vile alikuwa hajalia tangu tupate habari. Halafu akapangusa uso na leso, akatoka na hiyo board mkononi, akaenda moja kwa moja mbele ya yule mtu na suti yake. "Mtoto wangu alikuambia. Ukamwambia utatuma fundi."

Mtu alitoka bila kunywa chai.

Wapangaji wenzake wameandikisha statement kwa polisi. Mimi pia. Jana nimepigiwa simu, ati niwe mpole, nisiandike mitandaoni. Nimeandika.

Gathoni wangu, mama yako anajua ukweli. Ulisema, hawakusikia, sasa watasikia kwa nguvu.

Lala salama, msichana wa Makongeni. Sisi huku hatulali.