Kiti cha Mzee Anyelwisye

Tumpe wa Iyunga alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mumewe, Lugano, alishaukubali: hakuweza kupita karibu na kitu kilichozimika bila kuuliza kilizimika vipi. Wazazi wake walimpeleka chuo cha ufundi akasomee ushonaji. Alikaa na cherehani ya umeme siku mbili, na siku ya tatu mwalimu alimkuta ameifumua mota yote na kuipanga juu ya kitambaa cha sare. Aliirudisha, tena vizuri, ila kuanzia siku hiyo ile cherehani ilishona kwa kasi ambayo hakuna mwanafunzi aliyethubutu kuigusa. Wakamhamishia darasa la umeme, na ushonaji ukapona.

Sasa ana miaka thelathini na sita, na kutoka Tunduma mpaka Makambako ni mitambo michache ya barabara ambayo hajawahi kuingiza mkono tumboni mwake. Greda linalokataa kuwaka, eskaveta linalozimika katikati ya mtaro, wenyewe wote wanajua pa kupiga simu. Na Tumpe ana kanuni yake, haivunji: kabla ya kugusa waya anamhoji opereta, kisha anamtazama akifanya kazi. Husema nusu ya ugonjwa wa mtambo iko mdomoni mwa opereta, na nusu nyingine iko katika namna anavyokaa. Mafundi wenzake walimcheka kwa hilo, nao wamebadilisha swichi nyingi za rilei ambazo hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo Aroni, fomani wa saiti moja ya barabara nje kidogo ya Mafinga, alipopiga simu kwamba rola lao la kushindilia linakata umeme na kuzima ovyo, Tumpe aliuliza kwanza opereta ni nani. Aroni akataja jina. Tumpe akamwomba alirudie.

Opereta alikuwa Mzee Anyelwisye, baba mzazi wa Lugano.

Msomaji wa pwani atauliza shida iko wapi, mtu na baba mkwe wake si ndugu? Ndiyo, lakini kwa Wanyakyusa wanaofuata ya zamani, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Haongei naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja wao lazima agundue ghafla kwamba ana shughuli kwenye migomba. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, na wapo wakamwana wanaokaa sebuleni na wakwe zao wakigombania rimoti. Lakini Mzee Anyelwisye alikuwa mtu wa taratibu, na Tumpe alilelewa na bibi yake huko Tukuyu, mwanamke asiyetaka mchezo. Miaka kumi na miwili ya ndoa, Tumpe alimjua mkwe wake kwa kikohozi, kwa viatu, na kwa mgongo mmoja mpana ulioziba mlango siku ya harusi. Uso hakuujua.

Hata hivyo alimpenda, hilo liandikwe. Mashangazi walipolalamika kwamba mke wa mtu hawezi kuvaa suruali na kulala chini ya magreda, mzee alichukua kofia akaenda mjini. Asubuhi iliyofuata Tumpe alikuta mita mpya ya kupimia umeme juu ya kigoda nje ya mlango wake, imefungwa kwa gazeti. Ndiyo hiyo hiyo anayoitumia hadi leo.

Aroni alieleza mambo yalivyo. Ijumaa injinia mkaguzi anakuja kupima ushindiliaji. Rola likizima tena chini ya mzee, mzee anarudishwa nyumbani, kwa sababu yeye Aroni anaamini anasinzia na kugusa asichokijua. Tumpe alijua nyumbani kuna nini. Mama mkwe alifariki mwaka uliopita, na kazi ndiyo kitu pekee kilichomfanya mzee aamke na kunawa uso. Alipanda basi Jumatano alfajiri.

Alipofika ilibidi saiti nzima ipangwe upya. Aroni, Mhehe mwenye subira fupi, alipewa filimbi: akipuliza mara moja, Tumpe anapanda kulia na mzee anashuka kushoto. Akipuliza mara mbili, kinyume chake. Vibarua waliacha koleo wakakaa kutazama, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Tumpe akapima. Betri zilikuwa nzima, vichwa vyake safi, waya wa bodi umekazwa, fyuzi hazina neno, altaneta inachaji kama inavyotakiwa. Rabson, opereta kijana mwenye kilo tisini na kitu, alilipanda rola akalitetemesha, kama linavyofanya likishindilia, saa nzima, halikuzima. Tumpe mwenyewe, ambaye si mwembamba, akalipanda, halikuzima. Filimbi ikalia mara mbili. Mzee akapanda, Tumpe akageukia misonobari na kusikiliza. Rola likatembea vizuri, likaanza kutetemeka, na kabla dakika tatu hazijaisha likakaa kimya. Walirudia mara nne, na mara zote nne likamzimikia yeye.

Aroni akamwambia Tumpe si ameona mwenyewe. Kibarua mmoja akasema kuna mtu kalifunga rola kwa dawa. Mwingine akauliza kama dawa ya namna hiyo inafaa na kwa bodaboda.

Hapo ndipo kanuni ya Tumpe ilipomsaliti. Mtu aliyepaswa kumhoji haongei naye, na mtu aliyepaswa kumtazama hamtazami. Mzee akajaribu njia ya kistaarabu: alimpigia simu mwanawe Lugano kule Iyunga, Mbeya, amweleze hali ya rola ili Lugano ampigie mkewe aliyesimama hatua kumi kutoka hapo. Lugano, ambaye ni muuza vitenge na hajui betri ina pande ngapi, alimwambia Tumpe kwamba baba anasema mtambo unasikia baridi. Simu ya pili ikakatika katikati, kwani mtandao wa huko huja ukitaka.

Basi mzee alisimama upande wa pili wa rola, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Wewe rola," alisema, "kuna mtu atakuuliza. Mwambie unazima ukitetemeka tu. Ukitembea hivi hivi huna shida."

Tumpe akalitazama tairi. "Rola, kabla hujazima, kuna taa inawaka?"

"Mwambie hakuna taa. Kuna kidude kinalia, pii, mara tatu, halafu basi."

Aroni alivua kofia, akaketi juu ya ndoo. "Mimi nilimwita fundi," alisema. "Sasa naona rola ndiyo inaendesha kikao."

Lakini Tumpe hakuwa tena na habari na Aroni. Ile pii mara tatu aliijua. Chini ya mto wa kiti cha rola kuna swichi: mtu akikaa inabanwa, umeme unapita, injini inaishi. Mtu akiondoka swichi inafunguka, mtambo unalia mara tatu kuonya, kisha unakata umeme, ili rola lisitembee peke yake. Kumbe rola halikuwa bovu. Rola lilikuwa linasema hakuna mtu kitini.

Mzee alipokwenda kula, Tumpe alipanda. Akabonyeza swichi kwa kiganja, ikaitika. Akainama kutazama kile kirungu cha pembeni ambacho opereta hukizungusha ili springi za kiti zilingane na uzito wake. Namba zilianzia mia na ishirini, zikashuka mpaka hamsini. Mshale ulikuwa hamsini, umesokotwa mpaka mwisho, na chuma kilikuwa kimechubuka mahali ambapo mtu alijaribu kuusogeza zaidi.

Alikaa pale na kirungu mkononi. Aliukumbuka ule mgongo uliojaza mlango. Rola likitetemeka, mtu asiyefika hata kilo hamsini alikuwa anarushwa rushwa kama punje kwenye ungo, na swichi inafunguka chini yake. Na mzee alijua. Alikuwa akizungusha kirungu kidogo kidogo, mwezi hata mwezi, na hakumwambia mtu. Saiti nzima ilikuwa ikimtazama kila siku, watu thelathini wenye macho yao.

Alishuka akaenda jikoni kwa Benedicta, mpishi, akamuuliza kama yule mzee anakula. Benedicta alisema ugali anaugeuza geuza tu, mbwa wa saiti ndiye aliyenenepa. Zamani kilikuwa kinakuja kiroba cha ndizi kwa basi kila wiki kutoka Mbeya, na mzee alikuwa anamkaribisha hata yeye. Mwaka sasa hakijaonekana.

Kiroba hicho kilitumwa na mama mkwe. Baada ya msiba Tumpe aliamini kwamba wifi yake Atuganile amelichukua jukumu hilo, na bila shaka Atuganile aliamini kwamba amelichukua Tumpe. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kulala njaa kati ya wanawake wawili wenye migomba. Tumpe alilia palepale kwenye moshi wa Benedicta, kwa aibu kuliko kwa huzuni, na moshi haukuwa na hatia.

Aroni aliposikia neno swichi alifurahi. Alitaka ziunganishwe nyaya mbili moja kwa moja, swichi isahaulike, kazi iishe. Ni kazi ya dakika mbili, na mafundi wengi wangeifanya huku wanakunywa chai. Tumpe alikataa.

"Akianguka, rola lisimame," alisema. "Nikiunganisha, litampitia."

Aroni akapendekeza jiwe chini ya mto. Tumpe akamweleza polepole kwamba mtu akianguka jiwe litabaki, na rola litaliheshimu jiwe kama opereta. Kinachotakiwa ni mzigo unaokaa mapajani mwa mtu na kuanguka pamoja naye. Aroni akauliza, kwa kejeli, mzigo gani huo. Tumpe alikuwa ameshauagiza sokoni Mafinga: mkungu wa ndizi wa kilo ishirini, na mwingine wa kupika.

Ijumaa asubuhi alisimama nyuma ya tangi la maji, mgongo kwa rola, akajikaza. Jambo la kumwambia mkwe wako kwamba amekwisha mwili si jambo la kutamkwa hata mbele ya chuma.

"Rola," alisema, "kiti chako kimezeeka, hakisikii vizuri. Anayekuendesha akusaidie, apakate mkungu. Si kosa lake."

Kisha kikohozi anachokijua.

"Mwambie nimesikia," mzee alisema. "Kiti kimezeeka."

Injinia mkaguzi alifika na vipimo vyake, akamkuta mzee juu ya rola, kofia ngumu kichwani, amekumbatia mkungu wa ndizi mbichi kama bibi anayepokea mjukuu kliniki. Aliuliza ile ni nini. Aroni, ambaye tangu Jumatano alikuwa ameacha kushangaa, alimkabidhi fomu ya fundi. Penye jina la opereta Tumpe aliandika: yule. Penye chanzo cha hitilafu: uzito pungufu kitini. Penye matengenezo: ndizi mara mbili kwa siku, ziwe na nyama. Injinia aliisoma mara mbili na kuweka sahihi.

Rola likaanza kutetemeka. Tumpe alihesabu dakika akitazama tangi: tatu zikapita, kumi zikapita. Dakika ya ishirini na mbili injini ikakata. Aliona kazi ya mzee imekwisha, na yeye ndiye aliyemwaibisha mbele ya watu na mkungu wake. Kisha akakumbuka: kabla ya kuzima hakuzisikia zile pii tatu.

"Rola," sauti ya mzee ilisema kutoka juu, "mwambie fundi asihangaike. Umezimwa na mimi mwenyewe. Nina njaa."

Tumpe alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajipaka mpaka kwenye nyusi. Kisha, bila kugeuka, akaliambia tangi la maji kwamba ndizi zimeiva.