Kila Mashine Niliyoigusa

Naandika haya uso ungali unaniwaka kwa aibu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Bagira, na skrini ya mteja ikigeuka bulu na mashine kujizima, nilikuwa na jibu moja tu: courant, yaani umeme. Nani angebisha? Courant yetu inakuja na kuondoka inavyotaka.

Mwalimu wangu wa hesabu alipokufa, binti yake Furaha aliniletea laptop yenye picha za marehemu, tuzionyeshe ukutani kwenye matanga. Nikaiwekea pilote, ile programu inayoongoza picha kwenye skrini, kutoka kwenye flashi yangu ya zamani. Wateja wangu wote walipata hiyo hiyo. Mega za intaneti za kupakua mpya ni ghali.

Matangani tukaunganisha projekta. Bulu.

"Iko courant," nikasema, kwa sauti ya mtaalamu.

Wakachomoa waya, mashine ikabaki kwa betri yake. Bulu. Jirani akakimbia kuleta yake. Bulu. Shemeji wa marehemu akaleta yake. Bulu tena, na waombolezaji wakaacha kuimba.

Mjane akaniuliza polepole, "Papa fundi, hizi zote zilipita kwako?"

"Ndiyo, maman."

Katekista aliyekuja kuongoza sala akatoa laptop kwenye begi lake. "Yangu haiyafikaka kwake hata siku moja."

Tukahamishia picha, tukaunganisha projekta, ikawaka mara moja. Ukutani akatokea mwalimu, chaki mkononi, ananiangalia kama alivyoniangalia kila niliposimama ubaoni na jibu la kubahatisha.